Kidude cha Soketi, Multimita au Testa: Kipi Kinasema Kweli Kuhusu Betri na Alteneta?

Wadau, karibuni. Mezani leo nina vipimo vitatu, na hapo nyuma mnaiona Toyota IST, boneti iko wazi. Gari ni la mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Dar. Mwezi uliopita kanunua betri mpya, na bado kila asubuhi stata inazunguka kwa uvivu. Sasa kaambiwa alteneta, yaani ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, imekufa, akatafute ya mtumba kwenye spea za Gerezani. Kabla hajatoa hela nyingine, tuone kati ya hivi vitatu kipi kingemsaidia.

Naanza na hiki kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti. Kinaonyesha volti kwa namba nyekundu, basi. Nakipenda kwa sababu unaendesha huku unakiona. Uko kwenye foleni Ubungo, AC inavuta, taa zimewaka, gari linanguruma tu bila kukanyagwa mafuta: utaona namba inavyoteremka, kwa sababu alteneta ikizunguka polepole haitoi umeme wake wote. Lakini kumbukeni kinapima mwisho wa waya mrefu mwembamba, kwa hiyo mara nyingi kinasoma chini kidogo ya betri yenyewe. Kwenye hii IST, ikiwa imewashwa, kimeniandikia 12.9. Haya, tatizo lipo. Liko wapi? Hapo hakina jibu.

Cha pili ndicho hiki cha njano, multimita ya DT830, mnakiona kila duka la vifaa vya umeme. Kizungushe kwenye 20 upande wa volti za DC, yaani umeme wa betri. Waya mweusi kwenye COM, mwekundu kwenye tundu la volti. Narudia, tundu la volti. Ukiusahau kwenye tundu la 10A halafu ukagusa betri, umepiga shoti, na multimita nyingi za aina hii tundu hilo halina fyuzi.

Twende kwenye gari. Limelala usiku kucha, kwa hiyo betri imetulia. 12.45. Iliyojaa vizuri inakupa 12.6 au zaidi kidogo, 12.2 ni nusu, na ikifika 12.0 imebaki kidogo sana. Kama gari limetoka barabarani sasa hivi, namba itakuwa kubwa ya uongo. Washa taa kubwa dakika mbili tatu, zizime, subiri kidogo, ndipo upime.

Sasa kijana wangu apige stata. Piga! Mmesikia inavyojivuta? Ila nataka mtazame kioo cha mita: imeshuka mpaka 11.2, ikagoma kushuka zaidi. Betri iliyochoka hapa ingeporomoka chini ya 9.6. Hii imesimama imara, na stata bado inajivuta. Maana yake betri inatoa umeme, ila stata haiupati wote. Mtu ambaye hajapima hapa ndiye anayekuuzia betri ya pili.

Gari limewaka. Washa taa kubwa, feni ya AC mpaka mwisho, hita ya kioo cha nyuma, halafu kanyaga kidogo kwenye mzunguko wa kama 2000. Kwenye vichwa vya betri napata 13.2. Kwa gari kama hili nilitegemea kati ya 13.8 na 14.5. Na hapa ndipo spana zinapotoka na alteneta inafunguliwa. Subirini kwanza. Waya mwekundu nauacha kwenye chanya ya betri, mweusi nauhamishia kwenye bodi ya alteneta yenyewe, kwenye chuma kitupu. Sogeza kamera. 14.1! Alteneta ya watu nzima kabisa. Sasa pima kutoka hasi ya betri hadi bodi ya alteneta: 0.9. Ilitakiwa isizidi 0.2. Hizo volti zinapotelea kwenye njia ya kurudi, yaani ethi. Na stata nayo imefungwa kwenye injini hiyohiyo na inarudishia umeme kwenye waya huohuo, tena yenyewe inavuta ampea nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari. Ndiyo maana ilikuwa inajivuta.

Gari limezimwa. Angalieni hapa chini, mahali waya wa ethi unapofungwa kwenye giaboksi. Kwa juu bolti inaonekana safi. Nikiifungua, chini ya kile kichwa cha waya kuna kutu na unga wa kijani, na nikichana plastiki kidogo, nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi, nyingine zimekatika. Huu haukubali kusafishwa. Nimeweka waya mpya, nikapiga msasa pale bolti inapokaa mpaka chuma kikang'aa. Tupime tena na mizigo ileile ya umeme, yaani taa, feni na hita ya kioo: kati ya betri na bodi ya alteneta ni 0.1, na betri inasoma 14.0. Piga stata tuisikie... Haya.

Mkifanya hivi wenyewe, fungueni kichwa cha hasi kwanza na mkirudisha kiwe cha mwisho. Sigara mbali, maana betri ikichajiwa inatoa hidrojeni. Na kuna jambo linaniudhi: bado wapo mafundi wanaong'oa kichwa cha betri gari likiwa linanguruma, eti waone kama alteneta inachaji. Gari lako lina kompyuta. Betri ikiondoka ghafla, volti za alteneta zinaruka juu na zinaweza kuunguza kontroboksi, yaani hiyo kompyuta. Mzuie, hata kama ni rafiki yako.

Wenye Prius na Aqua, msije kwenye maoni kuniambia hamuioni alteneta. Haipo. Betri yenu ndogo inachajiwa kutoka kwenye ile kubwa ya haibridi. Na baadhi ya magari mapya kompyuta inashusha chaji yenyewe betri ikijaa, kwa hiyo ukiona 13 kasoro, washa mizigo kwanza kabla ya kulaumu kitu.

Kipimo cha tatu, testa ya betri. Hii haitazami volti tu, inapima ukinzani wa ndani ya betri, kisha inakadiria CCA, yaani nguvu ya kuwasha gari. Unaingiza namba iliyoandikwa kwenye betri na mfumo wake, CCA, EN, DIN au JIS. Hapo usibahatishe, ukichagua mfumo mwingine na hukumu inabadilika. Betri mpya ya mama imeandikwa 330, testa imetoa 312. Nzuri. Nikaomba ile ya zamani, bahati nzuri alikuwa ameihifadhi stoo. Testa ikasema 190, badilisha. Nikaichaji taratibu usiku kucha, ikaachwa itulie, nikapima tena: 285. Haikuwa imekufa, ilikuwa na njaa. Miezi yote hiyo ilikuwa inalishwa nusu kwa sababu ya ethi. Kwa hiyo ukiambiwa na testa ubadilishe betri ambayo haijachajiwa, usikubali haraka.

Lakini ina faida ambayo mita ya njano haina. CCA inahesabiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na sisi hapa Dar hatuna asubuhi kama hiyo. Oili ni nyepesi, stata haipati kazi ngumu, kwa hiyo betri iliyochakaa inaendelea kuwasha gari kimyakimya, huku joto likiendelea kuila ndani. Halafu siku moja inakata. Testa inakuonyesha mporomoko huo mapema. Ukinunua magari ya mtumba au una daladala kadhaa, inalipa.

Kwa gari moja la nyumbani, nunua multimita, na pesa inayobaki weka mafuta. Ila DT830 ina udhaifu wake: usiitumie upande wa volti za AC (hapa si kiyoyozi, ni umeme wa kupishana) kutafuta dayodi mbovu ya alteneta, yaani kile kinachogeuza umeme wake kuwa DC. Ukiiweka kwenye betri huko inachanganywa na volti za DC, inakuletea namba kubwa kuliko betri yenyewe, au ukigeuza waya inakupa sifuri. Kwa kazi hiyo tafuta mita inayotenganisha AC na DC, na ukiona zaidi ya nusu volti ya AC gari likiwa limewaka, hapo sasa alteneta ifunguliwe.

Na kile kibetri cha volti 9 ndani ya mita, kibadilishe ukiona alama yake inawaka. Kikiisha nguvu, mita inaanza kusoma juu, na unaweza kuona 14 nzuri kwenye gari ambalo halichaji kabisa.