Boti za Kiitaliano: bosi anaangalia sofa, mie naangalia ngama

Haupiti mwezi bila mtu kunirushia picha ya boti WhatsApp, "kaka hii vipi, si ndio yenyewe?" Wanajua mie niko Dubai kwenye ubaharia mwaka wa tisa huu, na boti nilizopanda nyingi ni za Kiitaliano. Jibu langu moja tu, nitumie picha ya chumba cha injini. Hapo wengi wananyamaza, maana dalali hakuwapa hiyo, dalali kawapa sofa nyeupe na glasi mbili za juisi mezani.

Basi leo naziongelea kwa pamoja, Riva, Pershing, Azimut na Absolute, zile za futi 40 mpaka 65 hivi, kama nnavyozijua kwa kuzifunga gatini, kuziosha na kuingia kwenye ngama zao, yaani uvungu wa chini injini zinakokaa. Hakuna kampuni iliyonilipa, na mimi mwenyewe hata fenda zake, yale maboya ya ubavuni, siwezi kununua.

Kwa asiyejua, spoti kruza ni ile ya chini chini, ndefu, imelala kama papa, nahodha na wageni wako sitaha moja. Yoti ya flaibriji ina ghorofa juu na usukani wa pili huko. Waitaliano wanaunda zote mbili na ukiwauliza mabosi tofauti watakwambia ni sura. Si sura bana. Tofauti kubwa ni vipi nguvu ya injini inafika majini, hapo ndipo boti inapokupenda au kukuchukia.

Riva kwa uzuri hana mpinzani, sitaki hata ubishi. Wameanza 1842 pale Sarnico ziwa Iseo, na ile Aquarama ya mbao ya mahogani iliyotoka 1962 mpaka leo ikipita watu wanasimamisha mazungumzo. Tangu 2000 wako chini ya kampuni ya Ferretti na boti ni za faiba, mahogani imebaki ya kupambia, ila wanajua kupamba wallahi. Chukua Rivamare, karibu mita 12, ndani chumba kimoja tu, ni boti ya kutoka asubuhi kurudi jioni na mtu unayetaka kumpendeza. Kwa baharia lakini ni mtihani, chuma inang'aa kila pembe, chumvi ikikauka kila alama ya kidole inaonekana, shamua, kile kitambaa cha kukaushia, mkononi kutwa nzima. Ukiniuliza ni gari la harusi, hulipeleki sokoni.

Pershing ni kisa kingine. Hao wako Mondolfo, upande wa bahari ya Adriatic, na Pershing 45 ya 1985 ndio iliyowatoa. Kinachowatofautisha ni kwamba nyingi zao pangaboi hazikai chini ya tumbo, ziko nyuma kabisa ya tezi, yaani mkiani mwa boti, na mwendo ukikolea nusu ya pangaboi iko nje ya maji. Chuma kinachoburutwa majini kinapungua, boti inaruka. Mara ya kwanza kushika usukani wa moja nikatazama nyuma nikaona maji yamepanda juu kama mkia wa jogoo, nikacheka peke yangu kama mtoto. Sasa subiri kurudi marina. Pangaboi za namna hiyo mwendo mdogo hazina meno, ukirudi nyuma unasubiri, unasubiri, na kama upepo wa shamali umeamka unakusukuma ubavuni na pembeni yako kuna boti ya shekhe, utajua kuswali sunna. Nahodha aliyezoea anaipaki vizuri tu, ila nahodha mwenyewe uwe naye.

Azimut nawapenda kwa sababu hawana boti moja, wana kabila zima. Paolo Vitelli kaianzisha 1969, na 1985 wakainunua Benetti ya Viareggio. Makao yao ni Avigliana karibu na Torino, yaani wako chini ya milima ya Alps, bahari haionekani kabisa, boti inapanda lori kwanza ndio ije kuonja chumvi. Kwenye spoti kuna ile S6, juu wametumia kaboni kupunguza uzito na chini wameweka injini tatu za IPS, nitaieleza mbele. Inakwenda vizuri mno, kama imeshikwa mkono. Lakini tatu ni tatu, oili mara tatu, vichujio mara tatu, na siku ya sevisi bosi anauliza mbona bili imekuwa ndefu. Upande wa pili wana Magellano, ambayo tumbo lake limechorwa ili iende polepole bila kujisikia vibaya, noti (maili za baharini kwa saa) 8 au 9 siku nzima, na ukitaka haraka bado inaitikia. Hiyo ndio boti ya watu wazima.

Kuhusu IPS, maana nimeitaja. Ni ya Volvo Penta, sio Waitaliano. Ni podi chini ya tumbo, kila podi inageuka peke yake, na pangaboi zinatazama mbele, zinavuta boti badala ya kuisukuma. Unashika joistiki unaenda ubavu ubavu kama kaa. Kijana wa miezi mitatu kazini anapaki boti ya futi 50. Na dizeli inakula kidogo kuliko shafti, ule mhimili wa kawaida unaozungusha pangaboi, kwenye moja niliyokaa nayo misimu miwili, injini mbili za farasi 435 kila moja, tukiwa noti 23 hivi nilikuwa naona lita 120 mpaka 130 kwa saa, tukishuka noti 8 inakuwa chini ya 30. Piga hesabu mwenyewe.

Absolute ndio wameishika IPS kuliko wote, karibu boti zao zote wamezichora kuizunguka. Ni wadogo kwa umri, 2002, Podenzano huko Piacenza, nao bara. Ile Navetta yao omo, yaani mbele, imesimama wima, wengine wanasema imekaa kama friji, sawa, lakini ingia ndani uone nafasi, podi zikikaa nyuma kabisa injini nazo zinarudi nyuma, kwahiyo katikati yote inabaki ya vyumba. Ningekuwa na familia na hela ningechukua hii, sura nitazoea.

Alafu kuna jambo la joto, ambalo Muitaliano akichora boti halimkai kichwani. Ile godoro la omo la kuota jua, huku Julai ukilikalia unaungua. Kruza ya wazi ni raha Novemba mpaka Aprili, baada ya hapo ni tanuri, wageni wote wamejazana chini kwenye AC na jenereta inalia kutwa. Flaibriji angalau ina kivuli.

Na ngama sasa. Kuna boti moja, jina la aliyeiunda nalifunga, tulikuwa na wageni 10 nje ya Palm, kile kisiwa cha Dubai, alamu ya joto injini ya kulia ikalia. Najua ni konyeza, wale viumbe laini wa baharini kama uji, msimu wao ulikuwa, wameziba kichujio cha maji ya bahari. Kazi ya dakika tano. Lakini aliyeichora kakiweka kichujio nyuma ya injini, upande wa ukuta, ikabidi nilale kifudifudi juu ya injini yenye moto nimetandika taulo mbili, mkono mmoja ndani mpaka begani nafungua mfuniko bila kuuona, natoa uji wa konyeza kwa vidole. Dakika 40. Nikatoka nimeungua kiwiko, mgeni mmoja akaniuliza kama barafu imeisha. Juu ya kichwa changu muda wote huo kulikuwa na sofa ya ngozi nzuri sana.

Kwahiyo ukienda kutazama boti fungua mlango wa injini, ingia wewe mwenyewe na tumbo lako, gusa kila kichujio kwa mkono. Usipofika, fundi naye hafiki, au anafika na anakuchaji.

Kwa wa Mombasa na Unguja wanaoniuliza za mtumba kutoka huku, podi kwa nyumbani nasita. Maji kupwa na kujaa mita 4 kwenye bamvua, siku za maji makubwa, mwamba upo kila mahali, na podi za IPS zimetengenezwa zikatike ukigonga ili tumbo lisitoboke, vizuri, hujazama, ila podi iko chini na crane ya kukunyanyua iko wapi? Tafuta flaibriji ya Azimut au Ferretti ya kabla ya 2005, nyingi zina shafti za kawaida ambazo fundi wa Kilindini anazijua. Na ujaze kabati zima vichujio vya dizeli.