Kisu cha kukunja kwa mashoto: ukucha, pezi au tundu?

Mimi ni mashoto. Bibi yangu alijitahidi sana kunirekebisha. Wakati wa kula alinifunga mkono wa kushoto kwa pindo la kanga yake, na kweli nikajifunza kula kwa kulia kama watu. Lakini bisibisi, plaizi na kisu vilibaki kushoto, na huko ndiko viliko hadi leo, mwaka wangu wa kumi na moja nikiwa fundi umeme hapa Tanga. Haya nitakayosema kuhusu visu vya kukunja yametoka kwenye mkono huo. Wa kulia msome, ila mjue mnasomea upande wa pili.

Swali langu kwa kisu ni moja tu: kinafunguka vipi nikiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshikilia waya usirudi ndani ya paipu? Makali yananoleka, na chuma cha ovyo unaweza kukivumilia. Kisu kinachotaka mikono miwili, pale juu ni sawa na kisu ulichokisahau nyumbani.

Nilianza na Okapi ya babu. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani Afrika, na Tanga yetu ilikuwa mojawapo ya miji yao; tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini ni wa mti, una nyota na mwezi za bati, na mgongoni pana kipete cha chuma. Unalivuta bapa kwa vidole, linapanda likilia kra-kra-kra kama pedeli ya baiskeli inayorudishwa nyuma. Ukitaka kufunga, unanyanyua kipete. Babu alikimenyea machungwa ya Muheza, ganda likitoka utepe mmoja bila kukatika, na kwa mtu aliyekaa barazani na chungwa lake sijaona kinachokizidi. Lakini ni mikono miwili, hakuna ujanja.

Victorinox nyekundu, kile kisu cha Uswisi chenye zana nyingi, ninayo pia. Bapa lake lina kijifereji cha kuingiza ukucha, na kijifereji hicho kiko upande mmoja tu, upande unaomtazama mtu wa kulia. Mimi naingiza ukucha wa kidole cha shahada kwa nyuma, kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Halafu kucha zenyewe za fundi ni zipi? Sina la zaidi. Kinakaa kwenye droo na kazi yake ni kufungulia chupa.

Opinel ni hadithi nyingine, na nakiri nakipenda kuliko kinavyostahili. Shemeji aliniletea kutoka Ufaransa, namba 8, bapa la sentimita 8.5. Ukoo wa Opinel ulianza kutengeneza visu hivi huko Savoie, milimani, mwaka 1890, na pete ile ya kuzungusha inayozuia bapa lisikufungie vidole iliongezwa mwaka 1955. Pete haijali kulia wala kushoto, na hilo nimelishukuru. Kijifereji cha ukucha ndicho kile kile, upande ule ule. Tena mpini ni mti mtupu, na mti ukinywa unyevu huvimba na kulibana bapa. Sasa fikiria masika ya Tanga, nguo haikauki siku tatu! Watu wa Savoie wanayo dawa yao: unagonga mwisho wa mpini, upande wa mgongo, kwenye kitu kigumu, ncha inachomoza, unaivuta. Mimi nagonga kwenye kizingiti cha jikoni. Majirani wameshazoea. Kwa embe na mkate, kisu hiki hakina mpinzani nyumbani kwangu; ngazini sipandi nacho.

Tuje kwenye pezi. Sijui wengine wanaitaje, mimi na saidia fundi wangu tunaita pezi: kile kipande cha bapa kinachotokeza mgongoni kisu kikiwa kimefungwa, kama pezi la samaki. Unakibonyeza kwa shahada, bapa linaruka nje, tak! Ndani kwenye ekseli pana beringi ndogo ndogo, ndiyo maana linateleza vile. Cha kwangu nilinunua mtandaoni kwa shilingi 22,000, hakina jina la maana, na wiki ya kwanza nilikuwa kama mtoto wa Idi. Tak, tak, tak, hadi mume wangu akatoka nje. Pezi liko katikati, kwa hiyo mashoto analifungua sawasawa na mwingine yeyote.

Tabu ilianza tulipopata kazi ya nyumba yenye dari za jipsamu. Nilikuwa nakata mashimo ya taa, na vumbi la jipsamu ni kama unga wa sembe, linaingia popote. Siku ya tatu bapa likaanza kusimama nusu ya njia. Nusu wazi ni hali mbaya kuliko kufungwa kabisa, maana mkono umeshazoea kuamini kwamba tak limemaliza kazi. Nilikifungua chote jioni, nikakisafisha, nikakitia mafuta ya cherehani, na kesho yake mafuta yaleyale yakashika vumbi jipya. Kasoro ya pili huwezi kuisafisha: loki yake ni ulimi wa bati ndani ya mpini, umewekwa usukumwe kwa gumba la kulia. Kwa kushoto nausukuma kwa shahada, huku bapa linashukia upande wa kidole hicho hicho. Limenigusa mara moja. Saidia fundi nimempa, ni wa kulia, anafurahi.

Visu vyenye kijiti cha gumba, kile kinachotokeza ubavuni mwa bapa ukisukume kwa gumba, sitavichelewesha. Vingi vya bei nafuu vina kijiti upande mmoja, nanyi mshajua ni upande wa nani. Vya kitufe na springi, vinavyojifungua vyenyewe, sitaki hata kuviona mfukoni ndani ya daladala. Uingereza walivipiga marufuku tangu 1959, na kwa hili nasimama nao.

Ninachopanda nacho sasa ni Spyderco Delica, zawadi ya mjomba anayeishi Muscat. Bapa lina tundu la duara, kubwa kiasi cha kumeza nyama ya gumba, na tundu ni tundu: limetoboka pande zote mbili. Kampuni hii ya Golden, Colorado, ilianza kuweka tundu hilo kwenye visu vyake mwaka 1981, na Delica ilitoka 1990. Hutengenezwa Seki, Japani. Gumba linazama, unasukuma nusu duara, bapa limefika. Hakirushi wala hakipigi kelele, na hata kwa glavu kinafunguka. Loki iko mgongoni, gumba lolote linaibonyeza. Kibanio cha mfukoni kinafunguliwa skrubu na kuhamishiwa upande wa pili. Jipsamu ikiingia, napuliza, naendelea.

Kina ubaya wake. Tundu limelifanya bapa liwe na nundu, kinajaa mfukoni, na kumenya embe kwa nundu ile ni vurugu. Bei mjomba alikataa kunitajia. Nilipoitafuta mwenyewe nikaona aibu kukatia paipu za PVC, aibu iliyodumu hadi mchana.

Juzi saidia fundi aliniazima, akakichomeka mfuko wake wa kulia, akahangaika nacho kidogo. "Dada fundi," akasema, "hiki kibanio wamekiweka upande mbaya."