Mashine ndogo ya kupimia gari: ilivyonisaidia gari lilipokuwa linatetemeka nikikanyaga mafuta

Mashine hii ya kuchomeka chini ya usukani, inayoongea na simu kwa Bluetooth, niliinunua kwa sababu moja tu: gari lilikuwa linatetemeka nikikanyaga mafuta. Likiwa limesimama linanguruma vizuri. Mwendo wa taratibu, shwari. Ngoja sasa ufike kwenye mlima au utake kumpita mtu: linagugumia, linavuta na kuachia, usukani unacheza mikononi. Kila niliyemwuliza alikuwa na jibu lake. Huyu nozo, yule pampu ya mafuta, mwingine gia boksi ndiyo hiyo inaaga. Na kila mmoja angeweza kuwa sahihi, ndiyo maana ukiwasikiliza wote utaishia kununua nusu ya gari.

Inaingia kwenye kiganja na haina nyaya. Unaichomeka kwenye soketi ya pini 16, unawasha swichi, unafungua programu. Gari langu lilitoa namba ya hitilafu P0302, na tarakimu ya mwisho ndiyo silinda: namba 2 inamisi, yaani mafuta yake hayaungui inavyotakiwa. Ingekuwa P0300, maana yake injini inamisi huku na huku bila silinda maalumu, na hapo ningeanza na vile vinavyozihudumia silinda zote, kama presha ya mafuta au hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka.

Kilichonifurahisha kuliko namba yenyewe ni kumbukumbu inayohifadhiwa pamoja nayo, ya hali ya gari wakati hitilafu inaonekana: mizunguko 1,900 kwa dakika, kilomita 62 kwa saa, injini ya moto, mzigo asilimia 84. Yaani gia kubwa, mguu umezama, gari linavuta. Hapo ndipo koili iliyochoka, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, huumbuka. Mgandamizo ukipanda ndani ya silinda, cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi ili iruke pengo la plagi. Bila mzigo, koili hiyohiyo inamudu, ndiyo maana fundi anayepima gari likiwa limesimama tu anaweza kukuambia halina tatizo.

Ila muuzaji hatakuambia hili: mashine inataja silinda, haitaji spea. P0302 inaweza kuwa koili, plagi, nozo, wayaringi, hata valvu. Kwa hiyo nilihamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3, ya 3 ikaja ya 2, nikafuta namba, nikaenda kuupanda mlima uleule. Ikarudi P0303. Hitilafu imehama na koili. Kipimo hiki hakina gharama, na sielewi kwa nini watu wanakiruka wakakimbilia dukani.

Mpira wa koili ile, nilipoufunua kwenye mwanga, ulikuwa na mstari mweusi ndani, mwembamba kama wa penseli, umeteremka hadi chini. Ndiyo njia ambayo umeme ulikuwa unatorokea kwenye chuma cha injini badala ya kufika kwenye ncha ya plagi. Kaure nyeupe ya plagi yake nayo ilikuwa na mstari pacha. Ukiirudisha plagi ya namna hiyo, itakuharibia na mpira mpya, hivyo nilibadilisha koili na plagi zote nne.

Taa ya injini ikiwaka tu, una muda. Ikianza kupepesa huku gari linatetemeka, achia mafuta na usilikimbize: petroli isiyoungua inakwenda kuunguzwa kwenye masega ya bomba la moshi, yale yanayosafisha moshi, na yakiyeyuka hayo utaikumbuka koili kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mtetemo ule wa kugugumia ukaisha. Ukabaki mwingine, mzito zaidi, wa sakafuni, nikikanyaga kwa nguvu. Hapa mashine haikuona kitu: hakuna namba, hesabu ya kumisi sifuri, marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza, yanacheza ndani ya asilimia 5. Wengine wangeiona imeshindwa. Mimi niliona imenifungia mlango wa injini ili nitafute kwingine. Nikiachia mafuta, mtetemo unakatika palepale ingawa mwendo haujashuka, basi si balansi ya matairi, maana hiyo hufuata mwendo na haijali mguu wako uko wapi. Gia boksi otomatiki nayo hutetemeka, lakini mara nyingi ni ukiwa umekanyaga kidogo tu, gari limeshatulia kwenye gia ya juu. Fundi alilinyanyua, akaishika shafti ya tairi la mbele karibu na gia boksi na kuichezesha: jointi ya ndani imelegea. Ikabadilishwa, sakafu ikatulia. Sensa ya kuisoma jointi hiyo haipo, kwa hiyo hata mashine ya maelfu isingeitaja.

Kasoro zipo. Haisomi breki za ABS wala airbag, na kwenye gia boksi inaambulia machache. Bluetooth hukatika katikati ya safari. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo wa gari kujipima ambao mashine hii inausoma, kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996, na Ulaya kwa ya petroli mwaka 2001, lakini baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana soketi hiyohiyo huku yakiongea lugha nyingine, kwa hiyo hakikisha kabla hujalipa. Andika namba na ile kumbukumbu pembeni kabla ya kufuta, kwa sababu vyote huondoka pamoja. Na uichomoe ukilaza gari, maana inanyonya betri hata swichi ikiwa imezimwa.