Sola au TANESCO? Kwanza Soma Risiti ya LUKU

Muuzaji wa sola atakuuliza nyumba yako ina vyumba vingapi, friji ipo, pampu ipo. Swali linaloamua kama sola itakulipa hakuulizi: uko tarifu gani, yaani kundi gani la bei ya umeme? Jibu lipo kwenye simu yako, kwenye meseji ya LUKU ya mara ya mwisho. Chukua hela uliyolipa, gawanya kwa uniti (kilowati-saa) ulizopata. Kama ni manunuzi ya kwanza ya mwezi, ondoa kwanza shilingi 1,500 za kodi ya jengo.

Ukipata shilingi 122 hivi kwa uniti, uko D1, tarifu ya majumbani yenye matumizi madogo: shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, juu yake VAT asilimia 18, ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1. Ukipata karibu 356, uko T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, ambayo ni 292 kabla ya makato hayohayo. Shilingi 9,150 zinampa mtu wa D1 uniti 75. Jirani yake wa T1 kwa hela hiyohiyo anapata 25 na kidogo.

Sasa tuseme fundi amekuletea makadirio ya milioni 5 kwa mfumo wa kukupa uniti 5 kwa siku. Mtu wa T1 akizitumia zote, anaokoa kama 53,400 kwa mwezi, na hela yake inarudi ndani ya miaka minane hivi. Mtu wa D1 anayetumia uniti 70 kwa mwezi anaokoa 8,540. Kwake hela inarudi baada ya karibu miaka 49. Paneli zenyewe huuzwa na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani, itakuwa imeshabadilishwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kama uko D1 na umeambiwa sola itapunguza bili, mwambie muuzaji akupigie hesabu hiyo mbele yako.

Kwa bei zilizopo, hivi ndivyo ninavyopanga machaguo, kuanzia bora.

Namba moja, kwa aliye T1 na anatumia umeme mchana: inveta ya haibridi (inayotumia paneli, betri na TANESCO kwa pamoja), paneli, betri ya kiasi, na TANESCO inabaki palepale. Neno zito hapo ni mchana. Uniti inayotoka kwenye paneli ikaingia moja kwa moja kwenye friji ndiyo rahisi kuliko zote. Uniti inayopitia kwenye betri ina gharama yake. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 inabeba uniti 5, za kutumia bila kuiumiza ni 4.5 hivi. Ikikaa mizunguko 4,000 ya kujaa na kuisha, itakupa uniti 18,000 maisha yake yote. Ukiinunua kwa milioni 2.8, kila uniti imeshakula shilingi 155 kabla hujahesabu paneli. Hiyo peke yake imeshapita bei nzima ya D1.

Ndiyo maana mama anayeuza barafu na juisi nyumbani Mbagala ananufaika na sola kuliko mfanyakazi mwenye nyumba kubwa anayetoka saa 12 asubuhi na kurudi usiku. Friza la mama linavuta umeme saa zilezile jua linapowaka, na akiligandisha vizuri mchana usiku halihangaiki. Paneli ya wati 550 kwa Dar es Salaam itampa kama uniti 1.9 kwa siku ya kawaida, kwa hiyo paneli mbili zinabeba friza, feni na taa za biashara. Huyo simshauri aanze na betri kubwa. Aweke hela kwenye paneli, betri iwe ya kuvusha usiku umeme ukikatika. Saluni, cherehani za umeme, pampu ya kisima na nyumba yenye watu kutwa nzima ni kundi hilohilo.

Namba mbili, kwa aliye D1 au yeyote ambaye shida yake ni umeme kukatika: inveta na betri bila paneli. Inachajiwa na TANESCO, inashika umeme ukikatika. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lilianza kuzalisha Februari 2024, baada ya mgao mkali wa mwisho wa 2023, na tatizo la uhaba wa umeme limepungua sana. Lakini nguzo ikianguka au transfoma ya mtaa ikiungua, bwawa hilo halikusaidii. Kwa taa, televisheni, feni na ruta, uniti 2 za betri zinakuvusha usiku mzima. Usiunganishe pasi, birika wala hita ya maji.

Hapa kuna watu ninaowaonea huruma: wanaotumia uniti 80 mpaka 100. Kila uniti inayopita 75 wanailipia 350, ikiwa na makato ni 427, na wakizidisha miezi mfululizo wanahamishiwa T1. Kabla ya kununua chochote, shusheni matumizi. Friji la zamani lenye mpira uliochoka linaweza kula uniti 2 au 3 kwa siku, jipya la inveta (linalojipunguzia mwendo wa mota) halifiki 1. Kubadilisha friji kunaweza kukurudisha chini ya 75, na hakuna sola ya kushindana na hilo. Ukishashuka kwa miezi kadhaa, peleka maombi ofisi ya TANESCO ya eneo lako urudishwe D1. Mimi niko T1 na najua bei yetu ndiyo inayowabeba wa D1. Naona ni haki, mradi anayestahili nafuu hiyo asiikose kwa sababu ya mpira wa friji.

Namba tatu ni sola kamili kwa aliye mbali na nguzo. Pima mfumo kwa siku za mawingu ya masika, Machi hadi Mei, maana Januari kila mfumo unaonekana mzuri. Ila kama nguzo za REA zimeshafika kijijini na kuunganishwa ni shilingi 27,000, unganisha kwanza.

Namba nne, vifaa vidogo vya sola vya lipa kidogo kidogo. Kwa taa tatu na kuchaji simu vinafaa kuliko kibatari, na moshi unaondoka ndani. Jumlisha malipo yote mpaka siku ya mwisho kabla ya kusaini.

Namba tano, jenereta. Dogo la petroli linakula nusu lita au zaidi kwa uniti moja. Petroli ikiwa 2,800, hiyo ni 1,400 kabla ya oili na matengenezo.

Ya mwisho kabisa ni kung'oa mita na kujitoa TANESCO ukiwa mjini. Utanunua betri za kukutosha kwa wiki ya mvua, halafu wiki nyingi za mwaka zitakaa zimejaa bila kazi.

Ukifika dukani, beba futi ya kupimia. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri za sasa inatoa kama wati 200 mpaka 230. Paneli ya kweli ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 hivi na upana wa 1.13, na uzito wa kilo 28 hivi. Ukionyeshwa ya mita 1.7 kwa 1 iliyoandikwa 550, hiyo haifiki 400, stika iseme itakavyo.

Fundi akuandikie kwenye makadirio, kila kimoja na bei yake: breka ya DC (swichi ya kukata umeme wa paneli na betri), kinga ya radi, waya wa ethi, unene wa nyaya, na boliti zisizoshika kutu kama uko karibu na bahari. Hivi ndivyo vinavyorukwa ili bei ionekane ndogo. Paneli ziangalie kaskazini, zilale nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua isafishe vumbi. Na kama kuna mwembe unaotia kivuli kwenye bati kuanzia saa 8 mchana, mwambie fundi azipange paneli upande mwingine wa paa kabla hujalipa hata senti.