Nimebadilisha kontroli valvu ya loda kwenye trekta, uzoefu wangu baada ya miezi minne

Habari zenu wadau. Naandika kwa ajili ya wenye trekta iliyofungwa loda mbele (ile mikono yenye kijiko cha kupakia), maana mimi kabla sijanunua hii valvu (ile yenye leva, inayogawa oili kwenda kwenye jeki, yaani silinda zinazosukuma mikono na kijiko) nilihangaika sana kupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka, kila fundi alikuwa na lake, na mengine nimekuja kuyajua oili ikiwa imeshamwagika chini.

Trekta yangu ni New Holland TT75, loda ni ya mtumba, niliikuta imeshafungwa na aliyeniuzia. Kazi yake kubwa huku Arumeru ni kupakia samadi na mchanga kwenye Fuso. Shida ilianza kidogo kidogo. Dereva ananyanyua kijiko kimejaa, Fuso inarudi nyuma ijipange, ikifika kijiko kimeshashuka kiko chini ya bodi, inabidi anyanyue tena. Mwanzo tukawa tunaishi nayo tu. Baadae ikawa ukizima injini mikono iko juu, dakika tano haziishi kijiko kimelala chini, na pale kwenye leva oili inachuruzika mpaka viatu vya dogo dereva vimelowa. Nikaona hapa kuna siku mtu ataumia, maana vijana wana tabia ya kupita chini ya kijiko wakati wa kupakia, unakataza leo kesho wamerudia.

Sasa kosa langu la kwanza, na naomba mlisikilize vizuri. Nilinunua kit ya oringi za ile valvu ya zamani, shilingi 35,000, fundi akafungua akabadilisha, uvujaji wa nje ukakata kabisa nikafurahi, ila kijiko bado kinashuka vilevile. Nikaambiwa kit ilikuwa feki, nikanunua nyingine, hadithi ileile. Kumbe ndani ya valvu ile spuli, yaani kile kichuma mviringo kinachotembea mbele na nyuma ukivuta leva, haina mpira wowote unaozuia oili. Ni chuma ndani ya tundu la chuma, vimechongwa kwa kubanana sana, na ule ubanano ndo unashikilia mzigo. Oringi ziko mwishoni tu kuzuia oili isitoke nje. Kwa hiyo kama oili yako ilikuwa chafu kwa miaka, mchanga umeshakula ile spuli na tundu lake, hata ukiweka oringi za dhahabu mzigo utashuka. 70,000 yangu ikaenda hivyo.

Fundi wa tatu nilimpata maeneo ya Unga Limited, Arusha mjini, anashughulika na haidroliki tu, na huyu ndo alinipa imani maana hakukimbilia kuniambia ninunue kitu. Alisema "bosi, kwanza tujue anayepitisha oili ndani kwa ndani ni jeki au valvu". Akanyanyua mikono mpaka mwisho kabisa, akaweka bomba zito la chuma kushikilia kila mkono (hakugusa spana kabla ya hapo, nilimpenda kwa hilo), akazima, akachezesha leva kutoa presha, alafu akafungua ule mpira wa kupitisha oili (hozi) wa upande wa shafti ya jeki na kuuziba kwa plagi, tundu la jeki likabaki wazi. Akaniambia niwashe nivute leva ya kunyanyua taratibu kidogo tu, yeye kakaa pembeni mbali na tundu. Kama sili ya pistoni, yaani mpira wa ndani ya jeki unaozuia oili isivuke upande wa pili, imekufa, oili inapita ndani ya jeki na kutokea pale. Likatoka tone lililokuwa limebaki, basi, tundu likakauka. Jeki ya pili hivyohivyo. Akasema jeki zako nzima, anayepitisha ni valvu, na valvu hii haitengenezeki, nunua nyingine.

Nikampigia muuzaji mmoja wa spea Gerezani pale Kariakoo, sitamtaja. Nikamwambia nataka valvu ya spuli mbili, ya lita 40 kwa dakika, ile wanaiita P40, ikiwa na joistiki moja (leva ya kuendesha spuli zote mbili) na waya zake za kuvutia spuli, na iwe na floti, yaani pale mikono inapoachiwa huru kijiko kifuate ardhi. Akasema "kaka ipo, tuma hela leo kesho uko nayo". 980,000 pamoja na joistiki na waya, nauli ya mzigo kwa basi 15,000. Kiukweli kwa upande wa kutuma hakunizungusha, kesho yake jioni nilikuwa stendi naupokea mzigo, umefungwa vizuri, matundu yote yana vifuniko vya plastiki. Valvu yenyewe ukiishika unaona ni mali, nzito, rangi safi, ukisukuma spuli kwa kidole inateleza na kurudi katikati yenyewe bila kukwama.

Ila ndani ya boksi hakuna hata karatasi moja ya maelezo. Herufi tu zimechongwa kwenye chuma, P, T, A, B. P ni inakoingia oili ya pampu, T inarudi tenki, A na B ni za kwenda kwenye jeki. Na hakuuliza trekta yangu imeungwaje. Hapo ndo matatizo yangu yote yalipoanzia.

La kwanza fitingi. Tundu za A na B kwenye hii valvu ni BSP 3/8 (nyuzi za kipimo cha inchi), mipira yangu yote ni nusu inchi, na upande wa trekta kuna nyuzi za milimita. Hizi msizichanganye jamani, fitingi ya BSP inaweza kuingia nyuzi mbili tatu kwenye tundu la milimita ukadhani imekubali, ukikaza inakula nyuzi na tundu limeharibika. Bebeni fitingi ya zamani mkononi nendeni nayo dukani. Adapta na washa zake zilinila 96,000. Na washa zenyewe chukueni zile za chuma zenye mpira kwa ndani, zinaitwa dowti, hizo ndo zinaziba. Ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji fundi wangu aliikataa kabisa, vipande vyake vinakatika vinaingia ndani vinakwenda kukaa kwenye spuli au kwenye relifu (kile kivalvu kinachoachia oili presha ikizidi), alafu unaanza kutafuta mchawi.

Kabla ya kufungua cha zamani tuliosha eneo lote kwa dizeli na brashi, tukapiga picha kwa simu, na kila mpira tukaufunga kitambaa cha rangi yake. Kila mpira ukitoka unavishwa mfuko wa nailoni na raba bendi papo hapo. Inachosha lakini kama kilichoua valvu ya kwanza ni uchafu, haina maana uingize mwingine siku ya kufunga mpya.

Tukafunga valvu kwenye bati lake kwa bolti tatu, tukakaza, nikashika joistiki nijaribu. Imekuwa ngumu kama imegandishwa. Saa moja iliyopita ilikuwa inateleza kwa kidole! Nikajua nimeuziwa kitu kibovu, simu nimeshaitoa nimpigie muuzaji, fundi akaniambia subiri. Akachukua spana akalegeza bolti moja, ya chini kushoto, nusu mzunguko tu. Joistiki ikaachia. Akakaza, ikakwama. Akalegeza, ikaachia. Bati la zamani lilikuwa limepinda kidogo, kwa macho huoni, na bolti zikikazwa zinaikunja bodi ya valvu nayo, na kwa ule ubanano wa spuli niliousema, hata kukunjwa kiasi cha unywele kunatosha kuibana. Akakata kibati chembamba cha kopo, akakiweka chini ya ule mguu, akakaza bolti zote, ikateleza. Sijawahi kusikia mtu anasema hili, na nina uhakika kuna watu wamerudisha valvu nzima dukani kwa sababu hii.

Sasa siku ya kuwasha. Nifafanue kwanza. Kwenye trekta kama hii pampu ni ya gia, injini ikiwaka inasukuma oili muda wote, hujagusa leva oili inapita katikati ya valvu inaendelea mbele. Kwangu pampu inaanzia kwenye valvu ya loda, ikitoka hapo inatakiwa iende kwenye mikono ya nyuma ya kunyanyulia jembe. Kwenye valvu ya zamani ule mpira ulikuwa umetoka kwenye tundu lake la pembeni, kwenye valvu mpya tundu hilo lina plagi, kwa hiyo tukaunga mpira wa mikono ya nyuma kwenye T. Loda ikafanya kazi vizuri sana, tukapeana mikono. Nikasema ngoja ninyanyue na jembe. Jembe likapanda kidogo, alafu nikasikia kama mtu kapuliza, mwisho wa spuli oili ikaruka ukungu mpaka kwenye shati la fundi. Zima zima zima! Lita kama nane chini.

Njia ya T imetengenezwa kurudisha oili tenki bila mzigo, haikutengenezwa kubeba presha. Ukiunga kitu cha kufanya kazi mbele yake, presha ya jembe yote inarudi ndani na kuzisukuma zile oringi za mwisho. Kinachotakiwa ni slivu ya pawa biyondi, kibomba kifupi kinachofungwa pale penye plagi ya pembeni, kinatenganisha njia ya kuendelea mbele na njia ya kurudi tenki. Ukishakiweka unakuwa na mipira mitatu: P kuingia, slivu kwenda mikono ya nyuma, T kwenda tenki peke yake moja kwa moja. Nikampigia muuzaji, akajibu "aah kaka hukusema kama unataka ya pawa biyondi, hiyo inauzwa pembeni". 60,000, na basi tena 10,000, na siku tatu trekta imelala wakati wa msimu wa samadi. Ukweli fundi naye alikosea pale, alikubali mwenyewe na siku ya pili hakunichaji. Lakini muuzaji anayeuza valvu za loda kila siku anatakiwa kuuliza swali hilo moja tu kabla hajapokea hela ya mtu, na hili nalisema kwa uchungu.

Oringi za mwisho tukabadilisha, slivu ikafungwa, mpira mpya wa kwenda tenki 85,000, oili mpya ndoo ya lita 20 190,000, filta 45,000. Oili ya trekta hii ni hiyohiyo ya giaboksi kwa hiyo msiweke oili yoyote ya haidroliki mnayoikuta, someni kitabu. Kuangalia kama kuna panapovuja alipitisha kipande cha boksi, kamwe sio mkono, oili yenye presha ikitoka kwenye kitundu kidogo inaingia kwenye ngozi kama sindano na hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Presha nayo tuliipima. Kibandiko cha valvu kinasema imesetiwa 200 bar, kibao cha loda kinasema mwisho 175. Tukafunga geji kwenye njia ya P, tukakunja kijiko mpaka mwisho na kushikilia leva sekunde chache, ikasoma 195. Akalegeza nati ya relifu, akarudisha skrubu kwa alen ki kidogo kidogo mpaka 172, akakaza nati. Wengi wanaiacha ya dukani au wanaipandisha ili loda ibebe zaidi, alafu wanashangaa mikono inapasuka weldi.

Floti ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Ukisukuma joistiki kupita pale pa kushusha inanasa yenyewe, mikono inakuwa huru, kijiko kinafuata ardhi chenyewe. Kukwangua samadi kwenye banda la ng'ombe lenye sakafu ya zege zamani dereva alikuwa anachezea leva kila mita, sasa anaendesha tu. Angalieni tu spuli yenye floti ndo iunge jeki za kunyanyua, sio za kukunja kijiko.

Baada ya miezi minne, na trekta inafanya kazi karibu kila siku, nilichora alama ya chaki kwenye nguzo ya banda usawa wa kijiko kitupu, vijana wote wameshaondoka, nikazima nikaacha usiku mzima (chini nimezungushia kamba mtu asipite). Asubuhi kimeshuka upana wa vidole viwili. Fuso moja tulikuwa tunaipakia dakika 25, sasa 15 au 16. Nje hakuna tone, dereva anafuta vumbi tu.

Cha kulalamikia kwenye bidhaa yenyewe ni waya za joistiki, ni ngumu na hazipendi kona kali, tulilazimika kuhamisha joistiki ije mbele kidogo ndo zikalainika. Na kile kiraba cha kuzuia vumbi chini ya joistiki kimeshachanika, nimekifunga na kipande cha tyubu ya baiskeli kwa sasa.

Ukijumlisha na ufundi 180,000 yote imenitoka 1,661,000, bila zile 70,000 za kit. Valvu naipa nyota tano bila kusita. Muuzaji nampa tatu, haraka ni wa haraka na mali yake ni nzuri, na ukimpigia mwambie mapema kabisa kuwa mikono yako ya nyuma inapata oili kupitia kwenye valvu ya loda, muombe akutumie slivu kwenye boksi hilohilo.