Sola ya kupeleka Komoro: ipi ununue, ipi uiache dukani

Nikienda Kariakoo kununua betri ya sola, kitu cha kwanza ninachobeba ni mizani ya kuning'iniza, ile inayopimia nyama na mizigo. Betri ya lithiamu ya volti 12 yenye AH 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani) huwa na kilo 10 hadi 13. Ya risasi au ya jeli (nayo ndani ni risasi) ya ukubwa huohuo hufika kilo 27 hadi 30. Ukiinua jeli iliyoandikwa AH 100 na mizani ikasoma kilo 16, ndani hamna risasi ya kubeba AH 100, stika iseme itakavyo. Rudisha, aga vizuri, nenda duka la pili.

Nimekuwa nikiwanunulia ndugu zangu wa Ngazija kwa miaka mingi, na kila Shaabani inapoingia simu huanza: mwana, tunataka taa kabla ya mfungo, tunapika daku gizani. Mwongozo huu nauandika kwa wenzangu wa Dar es Salaam na Unguja wenye watu wao kule, na kwa wa Marseille wanaotuma pesa tuwanunulie wao. Mtu wa Tanga au Lindi pia utamfaa, lakini Komoro ina mambo yake, na nyumba ya kijijini kule ndiyo niliyoiweka mbele katika kupanga ipi ya kwanza na ipi ya mwisho.

Mambo yenyewe ni haya. Umeme wa gridi katika Ngazija, Anzuani na Mwali unategemea sana jenereta za dizeli, na dizeli inakuja kwa meli. Mafuta yakichelewa, vijiji ndivyo vinavyozimwa mwanzo. Bidhaa nyingi za sola nazo zinatoka nje, kwa hiyo kitu kikiharibika kijijini kwa sababu ya kipuri cha elfu tano, kinakaa hivyo hadi msafiri mwingine apatikane. Jua lipo. Ila upande wa magharibi wa mlima Karthala hupata mvua nyingi na mawingu ya mchana, hasa kashkazi, na seti iliyopimwa kwa jua la Dodoma itakufa kiu pale.

Kabla ya kuuliza bei, piga simu uulize wanataka kuwasha nini. Ngazija nyumba ni ya mwanamke, basi muulize yeye, usimuulize kaka yake. Mama yangu mdogo alinipa orodha hii: balbu tano za LED za wati 5 kwa saa tano, simu nne, redio, televisheni ndogo ya volti 12 ya wati 20 kwa saa nne, na feni ya wati 15 kwa usiku mzima. Balbu ni wati-saa 125, simu 60, redio 30, televisheni 80, feni 120. Jumla 415 kwa siku. Chukua saa nne za jua la maana kwa siku za mawingu, toa asilimia 30 inayopotea njiani kwa joto, vumbi na waya, utapata paneli ya wati 150 hivi. Nilimpelekea ya 200. Paneli sasa ni rahisi kuliko zamani, kwa hiyo usibane hapo. Mahali pa kuweka pesa ni betri.

Ndiyo maana namba moja yangu ni seti ya kuunganisha mwenyewe: paneli ya wati 200, betri ya lithiamu ya AH 100, kontrola ya MPPT (kontrola ndiyo inayosimamia umeme wa paneli kuingia kwenye betri, na MPPT ni aina isiyoupoteza ovyo), na inveta ndogo ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, kama kuna kifaa kinachoihitaji. Betri hiyo ina wati-saa 1,280. Ukitumia asilimia 80 unapata 1,024, yaani siku mbili za mama mdogo bila jua kabisa. Ya risasi ya AH 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukishuka chini ya nusu kila usiku unaiua, kwa hiyo ya kutumia ni 600 tu. Basi hata lithiamu ikiuzwa mara mbili ya bei ya jeli, kwa umeme unaoupata zinakaribiana, na bado hujahesabu umri: jeli ikitumiwa hadi nusu kila siku huchoka baada ya mizunguko mia tatu hadi mia tano, lithiamu nzuri hupita elfu mbili. Soma kibandiko kiandike LiFePO4, ndiyo aina ya lithiamu ninayoisema, na uulize kama ndani kuna saketi ya kuilinda isichajiwe kupita kiasi wala kuisha kabisa. Sifa nyingine ya seti ya namna hii ni kwamba kila kipande kinabadilishwa peke yake. Kontrola ikiungua, unatuma kontrola tu.

Kwenye paneli chukua futi. Jua kali la mchana linaleta karibu wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hubadilisha kama moja ya tano. Kwa hiyo zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha mara 200. Paneli ya mita 1.48 kwa 0.67 inaweza kuwa ya wati 200. Paneli ya sentimita 80 kwa 60 iliyoandikwa 200 haiwezi; ukijitahidi sana ni mia moja. Hesabu hii ifanye mbele ya muuzaji, kwa sauti ya kawaida, na utaona bei ikibadilika.

Kontrola nayo ina hila zake. Kuna vijiboksi vyepesi vya plastiki vimeandikwa MPPT kwa herufi kubwa na ndani ni PWM, aina ya kontrola iliyo rahisi zaidi. MPPT ya kweli ni nzito mkononi kwa sababu ina koili, na mgongoni ina mbavu za alumini za kutoa joto. Tofauti yake si ndogo. Ukichukua paneli kubwa ya wati 450, ambayo volti zake zinafika 40 hivi, ukaiunga kwa PWM kwenye betri ya volti 12, zaidi ya nusu ya umeme wake inapotea. Hakikisha pia kontrola ina mpangilio wa lithiamu, maana ile ya betri za risasi peke yake huchaji vibaya.

Namba mbili ni seti za kiwandani zilizothibitishwa na VeraSol, mpango wa kupima ubora wa vifaa vya sola, zile zenye paneli ndogo, boksi moja lenye betri ndani, taa tatu au nne, na pengine televisheni. Sun King na d.light ni majina ambayo wengi tunayajua. Orodha ya bidhaa zilizopimwa iko wazi kwenye tovuti ya VeraSol; tafuta namba ya modeli yenyewe, jina la kampuni peke yake halitoshi. Nazipenda kwa nyumba ya bibi anayeishi peke yake, maana nyaya huchomekwa kwa umbo na huwezi kukosea. Nimeziweka ya pili kwa sababu betri ikichoka, mara nyingi inatakiwa ya kampuni hiyohiyo. Na hapa nakusihi: seti ya kulipia kidogokidogo kwa simu usiivushe bahari kabla hujamaliza deni na kuhakikisha imefunguliwa moja kwa moja. Boksi hujifunga lenyewe siku zikiisha, na kule usitegemee kupata wakala wa kulitengeneza wala mtandao wa kulipia wa Tanzania.

Namba tatu, taa za mkononi zenye paneli yake. Hizi nunua hata kama umenunua namba moja. Mtoto anakwenda nayo chuoni alfajiri, mvuvi anaipeleka kwenye galawa, na siku fundi hayupo na fyuzi imekatika, nyumba haikai gizani. Mbili zinatosha, zenye kuchaji simu. Koroboi irudi ukutani.

Betri ya jeli na paneli nimeishusha hadi ya nne, na nina sababu. Mwaka wa kwanza nilipoanza, nilinunua jeli mbili dukani kwa mtu niliyemwamini, nikazipeleka zote mbili kwa mama mdogo, karibu na Mitsamihuli. Miezi kumi na minne baadaye alinipigia akasema taa zinazima kabla ya isha. Nilipofika nilikuta betri zimevimba ubavuni kama mkate wa mofa. Zilikuwa zinaisha kila usiku kwa sababu ya feni, na mimi ndiye niliyesema feni hakuna neno. Kuzirudisha Dar es Salaam kwa warranti kungegharimu nauli ya kilo sitini kwenye jahazi. Aliniambia tu, mwanangu, tutawasha mshumaa. Neno hilo ndilo lililonifundisha kupiga hesabu kabla ya kununua. Jeli inafaa kama inanunuliwa Moroni, kwa muuzaji atakayeipokea ikirudi, na ikatumika kwa taa na simu tu.

Ya tano ni inveta kubwa za mseto, zinazotumia sola na gridi pamoja, za kilowati 3 hadi 5 pamoja na betri ya volti 48. Ni kitu kizuri kwa duka lenye mafriza au nyumba ya Moroni ambako gridi inakuja na kuondoka. Kijijini ni mzigo mkubwa mno, na inveta yenyewe hula umeme usiku kucha hata kama kinachowaka ni balbu moja. Harusi kubwa za Julai na Agosti, wageni wa Ufaransa wanaporudi, ndizo zinazowashawishi watu kuzinunua. Kwa harusi ya wiki mbili ni afadhali kukodi jenereta.

Jenereta ya kununua naiweka chini ya zote hizo, kwa sababu inategemea mafuta yaleyale yanayochelewa. Na chini kabisa, taa za ukutani zilizoandikwa wati 300 au 500. Pima paneli yake: sentimita 35 kwa 30, sawa na sehemu ya kumi ya mita ya mraba. Hiyo ni wati 20 kwa jua kali kabisa. Itawaka kwa mbwembwe wiki ya kwanza, halafu saa mbili usiku inafifia. Usimpelekee mtu.

Baada ya hapo, vitu vidogo ambavyo vinaua seti nzuri.

Waya. Kwenye volti 12, wati 100 ni zaidi ya ampea 8. Ukitumia waya wa milimita 1.5 kwa umbali wa mita kumi, karibu volti mbili zinapotelea njiani na televisheni inakataa kuwaka. Tumia wa milimita 6, inapotea nusu volti tu. Kisha chukua kisu ukwangue ncha: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na kwenye hewa ya chumvi haikai. Nunua shaba tupu, na fyuzi za akiba angalau kumi, moja ikae sentimita chache kutoka betri.

Soketi. Komoro wanatumia plagi ya Kifaransa ya miguu miwili ya mviringo. Inveta nyingi za Kariakoo zina tundu la miguu mitatu bapa ya kwetu. Nunua adapta hapahapa au omba inveta yenye tundu la kuingia zote. Na iwe ya mawimbi safi (pure sine wave) kama kuna friji au feni ya umeme wa kawaida, vinginevyo mota inachemka na kunguruma.

Paa. Komoro ipo kati ya nyuzi 11 na 13 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini, imeinuliwa nyuzi kumi hadi kumi na tano ili mvua iisafishe. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija, na paneli iliyofungwa kwa misumari ya bati haiwezi kuhimili upepo wa namna ile. Bolti ziingie kwenye boriti, ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ninachopendelea ni fremu yenye nati za kufungua kwa mkono, ishushwe ndani redio ikitangaza kimbunga. Kwa nyumba za pwani uliza paneli iliyofaulu jaribio la chumvi, IEC 61701. Na Karthala ikitoa majivu, kama ilivyofanya Novemba 2005, yapunguzwe kwanza kwa ufagio laini. Ngazija haina mito ya kudumu na wengi wanakunywa maji ya birika la mvua, hayo si ya kuoshea paneli; na kama paa lenye paneli ndilo linalojaza birika, bomba lifungwe kabla ya kufagia.

Safari. Betri ya lithiamu ya wati-saa 1,280 haipandi ndege ya abiria hata kidogo. Mwisho ni wati-saa 100 mkononi, au hadi 160 kwa ruhusa ya shirika. Inakwenda kwa meli, na lazima uitaje kwenye karatasi za mzigo. Usiifiche ndani ya magodoro, moto wa lithiamu baharini haumwachi mtu. Paneli zisimame wima kwenye kreti ya mbao, kamwe zisilale, maana Moroni mizigo mingi huteremshwa kwenye vyombo vidogo nje ya gati na kila kitu kinabamizwa. Ukiwa na mizigo mingi mizito ya Anzuani, Mutsamudu ina gati la maji ya kina na kuna usalama zaidi.

Mimi kontrola, fyuzi na adapta huwa nazitia kwenye begi la mkononi, na kwenye kifuniko cha boksi la betri nabandika karatasi niliyoichora kwa kalamu nyekundu na nyeusi: waya upi unaunganishwa kwanza. Betri kwenye kontrola mwanzo, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, kinyume chake. Mama mdogo hafungi mwenyewe, lakini karatasi ile ameipigilia ukutani, na fundi akija kijijini anamwonyesha kabla hajagusa kitu.