Ukiwa na hela ya albamu moja tu ya Bilal, anza na hii

Wapenzi wa neo soul, yaani soul ya kisasa iliyochanganyika na hip hop na jazi, wakikaa kuhesabu magwiji, utasikia D'Angelo, Erykah Badu, Maxwell, Jill Scott. Mwimbaji Bilal hutajwa mwishoni, tena akikumbukwa. Na huenda sauti yake umeshaisikia bila kujua: yumo kwenye “These Walls” ya rapa Kendrick Lamar, wimbo uliopata Grammy mwaka 2016. Mimi huyu mwana wa Philadelphia nampenda kuliko wote hao niliowataja. Tatizo ni kwamba albamu zake hazifanani hata kidogo, na ukianza na isiyokufaa utamtupa mapema. Ndiyo maana nimezipanga.

Nunua kwanza A Love Surreal (2013). Jina lake linamwamkia John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi aliyetoa A Love Supreme, na ndani yake kuna utulivu ambao albamu zake nyingine hazina. Subiri usiku nyumba ilale, vaa hedifoni, weka “Butterfly”. Robert Glasper yuko kwenye piano, haharakishi kitu. Bilal anaanza chini, karibu na kunong'ona, kisha anapanda taratibu hadi sauti inakuwa nyembamba kama uzi, na uzi wenyewe haukatiki. Nimeusikiliza miaka na miaka, na bado pale juu kabisa najikuta nimebana pumzi.

Ya pili ni 1st Born Second (2001), ile ya kwanza kabisa. Wengi wataiweka juu na sitagombana nao. Kwa upande wa maprodyuza, Dr. Dre yumo, J Dilla yumo, na “Soul Sista” ni kazi ya Raphael Saadiq. Mimi naishusha kwa sababu ni ndefu, inapita saa nzima, na katikati inachosha. Lakini “Sometimes” peke yake inarudisha hela yako: mtu anajiungamia matamanio yake moja baada ya jingine, mara anasema, mara analia.

Ukiipata sidii yake ya mtumba, igeuze kwenye mwanga kabla hujalipa. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi haina neno. Inayozunguka kufuata duara ndiyo inayoua. Yangu niliinunua gizani, kwa furaha, na nilipofika nyumbani “Reminisce” ikawa inarukaruka. Ikabidi ninunue nyingine.

Airtight's Revenge (2010) naipa nafasi ya tatu, na hii ni ya mtu aliyekwisha kumzoea. Ngoma zinakwenda mshazari, nyimbo zinakatika usipotarajia. Katikati ya vurugu hiyo kuna “Little One”, aliouandika kwa ajili ya mwanawe, uliotajwa kuwania Grammy. Kama una mtoto, usiusikilize mbele za watu.

In Another Life (2015) aliifanya na Adrian Younge, prodyuza anayerekodi kwa tepu kama zamani. Hii ndiyo ya kununua kwa santuri, kama una mashine ya kuchezea. Besi lake nene linakaa vizuri chini ya sindano. Adjust Brightness ya 2024 ni ya kielektroniki zaidi. Isikilize kwanza kwenye simu ndipo uamue.

Imebaki Love for Sale. Hiyo ilivuja kwenye intaneti mwaka 2006 kabla ya kutoka, kampuni yake ya rekodi ikaifungia kabatini, na mashabiki wakaifanya hazina yao. Ni nzuri mno, sikufichi. Ila mtu akikuuzia sidii yake yenye jalada la kung'aa, jua kwamba ni nakala ya mtaani na Bilal haoni hata senti. Usitoe hela hapo. Na kama ulishaisikiliza bure miaka yote hii, kama mimi, deni lipo: mlipe kwa kununua Airtight's Revenge, albamu aliyoitoa baada ya pigo lile.